Tarakimu Tano za Tusekile

Pigo la kwanza lilimpata Gwantwa kwenye taya, ingawa taya lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la mwanamke aliyezikwa miaka sitini na miwili iliyopita. Pigo la pili lilitua mbavuni. Akasikia kitu kikivunjika ndani, mlio mdogo kama wa ukuni mkavu, na pumzi ikakataa kurudi. Alijua kwamba yuko kwenye kiti chake cha kazi, ghorofa ya pili ya Ukumbi wa Watangulizi, saa nne asubuhi, na kofia ya kupokelea imefungwa kidevuni. Kujua hakukumsaidia. Mwili wake uliamini unapigwa, ukajikunja.

Gwantwa Mwakalobo alikuwa mpokezi, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na moja. Zamani, wafanyakazi wa visima vya gesi katika bonde la Rukwa walipandikizwa nyuma ya sikio kinasa chenye ukubwa wa punje ya harage. Kila moyo ulipokwenda mbio kupita kiasi, kinasa kilihifadhi yote ambayo mwili uliyaona, kuyasikia na kuyahisi, ili wahandisi wajue ajali hutokeaje. Mfanyakazi alikufa, kinasa kikabaki kwenye mfupa. Sasa ilikuwepo mashine ya kuvisoma vinasa hivyo na kumwingizia mtu aliye hai yale yaliyomo. Mpokezi aliyapokea kwanza, yote, kwa ukali wake wote, kisha akachagua dakika chache za kuwapa watu wengine. Wageni wa Ukumbi walipewa robo tu ya maumivu. Maumivu yalikuwa na kitufe cha kuyapunguza. Hofu haikuwa nacho. Mafundi walikuwa wameitafuta njia yake kwenye ubongo wakaikosa. Na jambo jingine lililojulikana kwa kila aliyewahi kuvaa kofia ile: vidole na midomo vilifuata. Marehemu akicheka, nawe unacheka.

Kinasa cha siku hiyo kilikuwa cha Tusekile Mwambuluma.

Hapakuwa na mtoto katika Mji wa Visima asiyemjua. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kikosi cha wachimbaji, wakati wanaume walipogoma kushuka shimoni kwa amri ya mwanamke. Alibuni vali ya milango miwili ambayo hadi leo imekaa juu ya kila kisima cha heli bondeni. Alianzisha shule ya uchimbaji ya wasichana ndani ya ghala bovu, kwa wanafunzi saba, na sasa shule hiyo ilikuwa na wasichana mia nne. Lakini kilichomfanya aimbwe kilikuwa kingine. Miaka sabini iliyopita wanamgambo waliteka Kisima cha Saba ili waibe gesi. Vali ilifunguka kwa tarakimu tano, na aliyezijua ni yeye peke yake. Walimpiga kwa saa tisa. Hakusema.

Neno hilo lilikuwa limeandikwa juu ya lango la shule, kwa herufi zenye kimo cha mtu. Wasichana walikula kiapo kwa neno hilo siku ya kuvaa kofia ngumu za kazi. Hata kinamama waliompeleka mtoto kudungwa sindano walimwambia hivyo: vumilia, Tusekile hakusema.

Sasa kinasa chake kilikuwa kimetolewa kaburini kwa idhini ya ukoo, ili kisikilizwe Siku ya Watangulizi, siku ambayo bonde zima huwaadhimisha wanawake waliotangulia katika fani zao. Gwantwa ndiye wa kwanza kuingia ndani yake.

Mashine ilizibana saa tisa zikawa dakika arobaini. Alimwona mtu mwenye mabuti ya mvua ya kijani, mpole wa sauti, aliyeuliza swali lilelile kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Alimwona mwingine mwenye kipande cha bomba. Bomba lilipanda na kushuka mpaka Gwantwa akaacha kuhesabu. Waliukandamiza uso wake kwenye ndoo ya maji ya matope, wakautoa, wakaurudisha. Saa ya pili ya kupigwa jicho la kushoto liliziba. Saa ya tatu wakaleta koleo. Kidole cha kwanza kilivunjwa, kikafuata cha pili, na cha tatu. Koleo lilipokishika cha nne, Gwantwa alihisi ulimi wa Tusekile ukisogea mdomoni. Akangoja uzuiwe. Hakuna kilichouzuia.

“Saba,” alisema Tusekile. “Mbili. Tisa. Sifuri. Nne.”

Mtu wa mabuti akamshukuru.

Walioenda kuifungua vali hawakujua kwamba hufunguliwa nusunusu. Waliifungua yote, na shinikizo likaling'oa bomba kubwa kama mtu ang'oavyo jani. Gesi ya kule chini ilikuwa heli iliyochanganyika na naitrojeni, haina harufu wala rangi, na ilitoka ikiwa baridi mno hata ikatambaa chini badala ya kupaa. Haimuunguzi mtu. Huisukuma tu hewa pembeni na kuketi mahali pake. Wanamgambo waliokuwa kisimani walianguka mmoja mmoja kama walevi, na heli ikawabana sauti, ikawa kelele zao za mwisho ni nyembamba kama za vichanga. Kisha gesi ikaingia kwenye shimo la pampu. Mle walikuwa wamejificha wafanyakazi kumi na wanne, na Tusekile alijua wamo, kwa sababu ndiye aliyewaficha. Alisikia wakigonga mfuniko wa chuma kutokea ndani. Waligonga kwa nguvu, kisha polepole. Mmoja aliendelea peke yake, kisha naye akanyamaza.

Waliobaki hai walimpiga Tusekile kwa saa sita zaidi, wakitaka awaambie namna ya kukifunga kisima. Aliwaambia kwamba hakuna tarakimu za kufunga, kuna gurudumu la mkono tu, tena liko ndani ya gesi. Aliomba aachwe aende. Hawakumwamini. Huko bondeni gesi ilikuwa ikitambaa kuelekea mjini, kwenye watu elfu sita. Saa ya tisa walikuwa wamekimbia wote ila mlinzi mmoja, kijana aliyekuwa akitetemeka kuliko mfungwa wake. Tusekile alichomoa mikono kwenye kamba waliyomfunga nayo, akashika spana ya kilo tatu kwa viganja viwili. Alimpiga mara tatu kichwani. Mara ya tatu Gwantwa alihisi mfupa ukikubali, na joto likamrukia usoni. Kisha akatambaa hadi kisimani huku amebana pumzi, akatoka kuvuta hewa, akarudi tena, akalizungusha gurudumu kwa viganja na viwiko kwa kuwa vidole havikufanya kazi. Lilihitaji mizunguko arobaini na moja. Alipoteza fahamu mara mbili na kuamka mara mbili, akakifunga kisima.

Mikono ilimvua Gwantwa kofia. Ilikuwa mikono ya Bi. Anyosisye, mkurugenzi wa Ukumbi. Gwantwa alikuwa amejikojolea, na midomo yake ilikuwa bado inacheza.

“Unasema nini, mwanangu?” aliuliza Bi. Anyosisye. “Namba gani hizo?”

“Sisemi mimi,” Gwantwa alijibu.

*

Bi. Anyosisye alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alisoma katika shule ya Tusekile, akafanya kazi visimani mpaka mguu wake ulipobanwa na mtambo, kisha akawa mwanamke wa kwanza kuuongoza Ukumbi ule. Alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama. Yalipoisha aliketi kwenye kiti cha wageni, akavua miwani.

Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kama kuna mwingine anayejua. Gwantwa alipomwambia hakuna, mkurugenzi alieleza alichotaka, na alikieleza kwa upole. Dakika zitakazosikilizwa zichukuliwe saa ya kwanza na ya pili, kisha ziruke hadi ya tisa, kwenye spana na gurudumu. Katikati pafutwe. Mwezi uliofuata baraza la mji lingepiga kura kuhusu shule. Wajumbe kadhaa walikuwa wakisema waziwazi kwamba mwanamke akibanwa hutoa siri, hivyo asikabidhiwe tarakimu za kisima, na kama hakabidhiwi tarakimu, shule ya nini. Jibu la wasichana lilikuwa moja siku zote. Lilikuwa limeandikwa langoni.

Gwantwa alimkumbusha juu ya watu kumi na wanne wa shimo la pampu. Bi. Anyosisye alisema watu wote wanaamini wanamgambo waliivunja vali, majina ya wale kumi na wanne yako ukutani pamoja na mashujaa wengine, na wajukuu wao wanayasoma kwa fahari.

“Nikuulize jambo,” alisema mwishoni. “Tusekile aliishi miaka minane baada ya siku ile. Hakuwahi kusema kwamba alinyamaza, na hakuwahi kusema kwamba alizungumza. Alichagua. Wewe unataka kumvua nguo mbele ya watu, na yeye hawezi hata kujifunika?”

Gwantwa alitia sahihi karatasi ya kukubali kufuta, akaoga, akaenda nyumbani na mbavu zinazouma ingawa hazikuwa na jeraha.

Nyumbani alimkuta mdogo wake, Bupe, amekaa sakafuni jikoni akichambua mchele, mahali alipokaa kila siku kwa miaka miwili.

Bupe alikuwa mchimbaji, mhitimu wa shule ileile. Miaka miwili iliyopita wanamgambo, wajukuu wa wale wa zamani pengine, walimkamata akiwa zamu. Walikuwa wakitaka kujua njia ya msafara wa matangi. Aliwaambia. Walinzi watatu wa msafara waliuawa. Alipoachiwa na kurudi mjini, swali lilikuwa moja, na Bupe hakujua kudanganya. Kikosi chake kilimvua kofia ngumu mbele ya lango lenye neno lile. Wiki iliyofuata, sokoni, mjane wa mlinzi mmoja alimpiga jiwe la kwanza. Wengine wakafuata na mawe yao. Gwantwa alimtoa pale akiwa na fuvu lililopasuka na sikio moja lisilosikia tena. Kamanda Lwitiko, mkuu wa ulinzi wa mji, alipoulizwa kwa nini hakuna aliyekamatwa, alisema redioni kwamba mwanamke yule alipaswa kufa huko huko kuliko kusema. Tangu siku hiyo Bupe hakuvuka kizingiti cha nyumba. Mara mbili Gwantwa alimkuta na kamba.

Sheria ya wapokezi ilikataza kuyatoa nje ya Ukumbi yaliyomo ndani ya kinasa. Gwantwa aliketi sakafuni, akavuta ungo wa mchele upande wake, akamsimulia mdogo wake kila kitu kuanzia mabuti ya kijani. Bupe hakuinua macho. Gwantwa alipofika kwenye tarakimu, vidole vya Bupe vilisimama.

“Saa ya ngapi?” aliuliza.

“Ya tatu.”

Nje jirani alikuwa akitwanga kitu, na kinu kilisikika mara nyingi kabla Bupe hajazungumza tena.

“Mimi ilikuwa ya tano, Dada,” alisema. Kisha akalia, kilio kibaya cha mtu aliyesahau namna ya kulia, na Gwantwa akamshika mpaka mchele ukamwagika wote.

*

Kwa wiki tatu Gwantwa alifanya kazi yake huku akiliwaza jambo moja. Angeweza kuandika barua kwa baraza. Ingeitwa uzushi wa dada wa msaliti, na kinasa kingefungiwa kabatini siku hiyohiyo. Angeweza kuwaalika watu wachache waje wapokee kwa hiari, lakini Bi. Anyosisye alikuwa na funguo zote, na asingekubali. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ile ambayo hakutaka kuitazama: siku ya sherehe, watu mia nne na ishirini wakiwa wamefungwa kofia, asiyafute yaliyoamriwa kufutwa.

Alielewa vizuri maana yake. Watu wale walikuwa wametia sahihi kupokea dakika nane za maumivu madogo, zilizochaguliwa. Yeye angewaingiza kwenye dakika ishirini na sita bila kuwauliza. Kumtia mtu kwenye mateso asiyoyakubali, ili atoe kitu unachokitaka kutoka kwake, ilikuwa kazi ya yule mwenye mabuti. Alijiambia hivyo kwa maneno hayohayo, zaidi ya mara moja. Kisha alirudi nyumbani na kumkuta Bupe amekaa palepale sakafuni, mgongo ukutani, uso kuelekea mlangoni.

Aliomba orodha ya wageni wenye maradhi ya moyo. Walikuwa kumi na tisa. Aliandika namba za viti vyao na kuvipanga vipate picha na sauti tu kama filamu, pasipo chochote kuingizwa mwilini, hivyo bila maumivu na bila hofu. Aliihakiki orodha hiyo mara nne.

Siku ya Watangulizi iliangukia Jumamosi, na sherehe ilianza saa tatu asubuhi. Wasichana wa shule waliimba. Aliadhimishwa daktari wa kwanza wa kike wa bonde, kisha rubani wa kwanza wa meli za angani, aliyesafirisha chanjo wakati wa tauni ya ng'ombe. Binti yake alipokea nishani na kushindwa kuzungumza kwa furaha, watu wakampigia makofi mpaka akacheka. Kilikuwa kitu kizuri. Gwantwa, nyuma ya mashine, alijikuta naye anapiga makofi. Kamanda Lwitiko alikaa safu ya mbele na sare yake kamili. Bi. Anyosisye alisimama jukwaani, akasema kwamba sasa watakaa kidogo ndani ya mwili wa mama yao wote. Taa zikapunguzwa. Kofia zikafungwa.

Dakika za kwanza zilikwenda kama zilivyopangwa. Vichwa mia nne vilitupwa upande mmoja kwa pigo moja. Wengine walilia kimyakimya, kama walivyotarajia kulia. Kisha ikafika mahali ambapo mashine ilipaswa kuruka, na Gwantwa hakuiruka.

Bi. Anyosisye, ambaye hakuvaa kofia, aliliona koleo kwenye skrini ya jukwaani iliyoonyesha picha za kinasa. Alielewa mara moja. Alianza kupanda ngazi kuelekea chumba cha mashine kwa mguu wake mbovu, na Gwantwa alikuwa ameshafunga mlango.

Mle ukumbini vidole vilijikunja, kimoja baada ya kingine. Mtu aliita mama yake. Mkuu mmoja wa idara alijaribu kuivua kofia, lakini mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kamba za miaka sabini iliyopita na haikuinuka. Halafu koleo likashika kidole cha nne. Na watu mia nne, wanaume kwa wanawake, wajumbe wa baraza, askari, wasichana wa shule, mafundi, na wale waliowahi kusimama sokoni siku ile na mawe, walifungua midomo kwa pamoja.

“Saba. Mbili. Tisa. Sifuri. Nne.”

Kamanda Lwitiko alizisema kwa sauti ya kubembeleza, mate yakimchuruzika kwenye vifungo vya sare.

Baadaye watu walisema kwamba lile halikuwa baya kuliko yote. Baya zaidi lilikuwa ile mikono iliyogonga chuma, na yule wa mwisho aliyegonga peke yake. Gwantwa aliwaona wakiziba masikio kwa mabega. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe cha kuzima. Hakukibonyeza, kwa sababu aliona kwamba akiwaachia hapo watakuwa wamebaki na usaliti tu, na ukweli haukuwa huo peke yake. Aliwaacha waendelee mpaka kwenye spana, na wakamuua yule kijana. Aliwaacha watambae. Mwishoni watu mia nne walikuwa wamekaa gizani wakizungusha hewa kwa viganja vilivyokufa ganzi, mzunguko kwa mzunguko, na walipofika arobaini na moja, ukumbi mzima ulivuta pumzi.

Taa zikawaka. Wengine walitapika. Msichana mmoja wa shule alikuwa amekumbatiana na mzee asiyemjua.

Kisha mlango wa chumba cha mashine ulivunjwa. Walioingia walikuwa sita au saba. Wa kwanza alikuwa na mguu wa kiti. Aliuvunja mkono wa Gwantwa juu ya kiwiko, na aliyemfuata alimpiga teke la uso lililomng'oa meno mawili. Hawakumwuliza chochote. Walimburuta nje kwa nywele, wakampiga kwenye ngazi, na damu yake ikawa utelezi hata mmoja wao akaanguka. Alichokumbuka baadaye ni mwili mzito uliomwangukia na kukaa juu yake. Alidhani wameanza kumponda. Alikuwa Bi. Anyosisye, amemlalia, akipokea mateke mgongoni na kulia kwa hasira sikioni mwake.

“Sikusamehi,” alikuwa akirudia. “Umesikia? Sikusamehi.”

Kilichowasimamisha kilikuwa sauti ya mtu aliyeita daktari kutoka safu ya kumi na mbili. Mwalimu Ikupa Mwaisaka, aliyefundisha shuleni kwa Tusekile miaka thelathini na minane, alikuwa amekaa wima na macho wazi, na viganja vyake vilikuwa bado vimeelekeana kama vimeshika gurudumu. Jina lake lilikuwa la tano kwenye orodha ya wale kumi na tisa. Kabla ya sherehe kuanza alikuwa amebadilishana kiti na mgeni mwingine, ili akae karibu na mwanafunzi wake wa zamani.

*

Mwalimu Ikupa alizikwa Jumatatu. Gwantwa alikuwa hospitali chini ya ulinzi, taya limefungwa kwa waya, hivyo aliyekwenda msibani ni Bupe. Alitoka nyumbani mchana kweupe, akapita barabara ya soko. Mlangoni alipokewa na mtoto wa marehemu, Ambakisye, mtu mzima mwenye wajukuu. Bupe alijitaja jina na kusema dada yake ni nani. Ambakisye aliuliza kitu kimoja: mama aliumia? Bupe alimwambia ndiyo, aliumia, na aliogopa, na kwamba alifika hadi mwisho wa gurudumu. Ambakisye alimwambia hawezi kumkaribisha ndani. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na kinamama wanapika, na huko hakuwahi kumfukuza mtu. Bupe alimenya ndizi mpaka jioni. Hakuna aliyemsemesha, na hakuna aliyemnyang'anya kisu.

Baraza lilifunga shule kwa muda wa miezi mitatu. Wazazi thelathini na mmoja waliwaondoa mabinti zao. Shule ilipofunguliwa ilikuwa kwa tofauti ya kura mbili, na moja ya kura hizo ilikuwa ya mjumbe aliyekaa ukumbini siku ile na ambaye hakutaka kamwe kueleza sababu yake. Wasichana wenyewe walipanda ngazi wakalikwangua lile neno langoni. Walibishana wiki nzima kuhusu la kuandika badala yake, hawakuafikiana, na ukuta ukabaki mtupu. Kamanda Lwitiko alijiuzulu bila kutoa maelezo. Wanawake wanne waliowahi kutekwa, ambao Bupe hakujua kwamba waliwahi kutekwa, walikuja kwa nyakati tofauti kukaa naye jikoni.

Kesi ya Gwantwa ilisikilizwa mwezi wa saba. Alikiri makosa yote mawili, la kuwaingiza watu kwenye kinasa bila ridhaa na la kusababisha kifo bila kukusudia. Mwanasheria wake alitaka kuzungumzia orodha na namna ilivyohakikiwa mara nne. Gwantwa alimwomba asiizungumzie. Hakimu, mwanamke wa makamo aliyekuwa amepokea kinasa kile baadaye kwa hiari yake, ofisini, kama ushahidi, alimwuliza kama ana majuto.

“Ninayo, mheshimiwa. Nilipaswa kuwauliza kwanza.”

“Na wangekataa?”

“Wangekataa.”

“Kwa hiyo?”

Gwantwa alilishika taya, lililokuwa bado linamuuma kila asubuhi.

“Kwa hiyo Mwalimu Ikupa angekuwa hai, na mdogo wangu angekuwa amekufa. Mnanitaka nichague. Kila siku ninaamka na kuchagua, mheshimiwa, na jibu la jana silo la leo.”

Hakimu aliandika jambo, akalifuta, akaandika tena. Alianza kusoma hukumu saa saba na nusu mchana. Ilikuwa ndefu, yenye vifungu vingi, na ilipofika kwenye miaka sita, Gwantwa aligeuka kumtafuta Bupe kwenye mabenchi ya nyuma. Alikuwa ameshasimama, na kofia ngumu ilikuwa kwapani. Alimwinulia dada yake mkono, akatoka kabla ya ukurasa wa mwisho, kwa sababu zamu yake kisimani ilianza saa nane, na tangu wamrudishe hakuwa amechelewa hata mara moja.